Injini ya Mgiriki na Mapokezi ya Mama Mkwe

Leo nimevuliwa nguo mchana kweupe, na nguo nilikuwa nimezivaa zote. Suti ya kitani, kofia, na miwani ya upepo juu yake.

Sogezeni viti. Kahawa ya leo nalipa mimi, mradi kila mtu ameze kicheko chake pamoja nayo.

Gari langu mnalijua. Lile jekundu la mbio, la viti viwili, lisilo na paa. (Paa lilikuwepo, panya wamelila.) Tangu masika yaanze lilikuwa limelala kwenye gereji ya fundi Masanja, pale juu ya bandari, injini imekufa. Kabla halijafa lilikuwa likitoa moshi mpaka majirani wakaniuliza kama nimeanza kuchoma mkaa.

Masanja alinipa njia mbili. Ya kwanza, kuifungua injini yangu yote, kuchonga silinda upya na kuagiza pistoni Nairobi, zije kwa reli hadi Kisumu, kisha zipande meli. Ya pili, kununua injini iliyotumika. Kuna Mgiriki mmoja, mchimba dhahabu wa Geita, alipindua gari lake la aina ileile kwenye njia ya Shinyanga. Yeye alipona, gari halikupona, lakini injini ilibaki nzima.

"Mimi ningefungua hii yako," Masanja aliniambia. "Hii tunajua ilikopita."

"Na ya Mgiriki?"

"Ya Mgiriki ni upesi. Ila upesi wa kununua kitu usichokijua, bwana Amiri!"

Nikasema nitafikiri. Nikafikiri masika yote. Nikitaka kufungua, naona nitazeeka nikingoja pistoni. Nikitaka kununua, naona kama nampa mwanangu meno ya marehemu.

Aliyeniamulia ni Premji, na mwenyewe hajui. Premji ni jirani yangu, duka lake la vitambaa linatazamana na langu la taa na sufuria. Tumesoma naye, tumecheza naye mpira, na tangu anunue lile gari lake kubwa jeusi lenye mapazia madirishani, simpendi. Basi! Nimesema. Kila asubuhi analifuta kwa kitambaa laini mbele ya duka langu. Mwaka jana alimbeba mama mkwe wangu kutoka bandarini, na mwaka mzima nyumbani kwangu hakukuwa na habari nyingine. "Gari la Premji laini kama godoro." Hivyo hivyo, mezani, nikiwa na tonge mdomoni!

Sasa wiki hii mke wangu, Sakina, akaniambia, "Baba Nuru, mama anakuja Ijumaa kwa meli ya Bukoba. Premji amesema atakwenda kumpokea."

"Kwani mimi nimekufa?"

"Wewe hujafa. Gari ndilo lililokufa."

Siku hiyohiyo Masanja akanidokeza kwamba Premji alipita gereji kuulizia injini ya Mgiriki. Damu ikanipanda. Premji, mwenye gari zima, anataka injini ya gari la mbio ya nini, kama si kunikomoa? Sikulala vizuri. Kulipokucha nikamfuata Mgiriki, nikainunua injini bila hata kuisikia ikilia. Akaniambia difu nayo ni nzima, yaani lile gimba la gia huko nyuma linalozungusha magurudumu. Nikasema lete na difu. Angekuwa na mbwa ningemchukua pia, ilimradi Premji asimpate.

Masanja akafunga vyote mbiombio, nami nimemsimamia kichwani. "Bado tu? Bado tu?" (Kumbukeni hayo maneno. Yana mchango wake.)

Leo, baada ya swala ya Ijumaa, nikaenda gereji nikiwa nimepigwa pasi mpaka soksi. Masanja akazungusha hendeli. Injini ikanguruma! Jamani, ilinguruma mpaka kunguru wakaruka kwenye mawe. Machozi yalinilenga.

"Niache kwanza nikalijaribu barabarani," akasema Masanja.

Meli ikapiga honi.

"Utalijaribu jioni," nikamjibu, nikarukia usukani.

Gia sikuihitaji. Kutoka gereji hadi gatini ni mteremko mtupu. Nikaliachia lishuke lenyewe, huku nakanyaga mafuta ili watu wasikie. Walisikia. Wapagazi walisimama na mizigo kichwani. Wanawake waliokuwa wakifua ufukweni waliinua vichwa. Na Premji alikuwa pale, ameegemea gari lake, na ndani ya gari, nyuma ya pazia, amekaa Sakina wangu na mke wa Premji. (Viti vyangu ni viwili tu, nimewaambia. Lakini bado iliniuma.)

Kwa kasi ileile ya mteremko nikakata usukani, nikapaki ziwa likiwa nyuma yangu na mji mbele, tayari kwa kuondoka kifahari. Mama mkwe akashuka melini na kikapu cha ndizi na debe la samli.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mkwe wangu. Gari la Premji liko wapi?"

Hapo hapo! Hata salamu haijapoa!

"Leo utapanda langu, mama," nikasema kwa sauti ya kumfikia Premji. Nikamkalisha, nikampa debe alipakate, nikashusha miwani machoni. Nikamtazama Premji kwa pembe ya jicho. Nikaingiza gia ya kwanza, nikaachia klachi.

Gari likarudi nyuma.

Nikadhani nimekosea gia. Nikaitoa, nikaiingiza tena vizuri, ya kwanza kabisa, naijua kama jina langu. Nikakanyaga mafuta kwa nguvu zaidi.

Likarudi nyuma kwa nguvu zaidi!

Nikatafuta breki. Mguu ukapata mafuta. Wanawake wakatawanyika wakimwita mama kwa Kisukuma, "Mayo! Mayo!" Tukapita juu ya shuka la mtu lililoanikwa, tukapita katikati ya nyavu, tukaingia ziwani, mkia mbele, hadi maji yakaingia mlangoni na injini ikanyamaza.

Ndizi zikaelea.

Mama mkwe alikuwa bado amekumbatia debe la samli. Akatazama maji, akatazama meli, kisha akanigeukia.

"Amiri, kama hukutaka nije, ungesema tu. Ndiyo unanirudisha Bukoba hivi?"

Bandari nzima ililipuka. Nahodha juu ya meli alishika tumbo. Sakina alifunga pazia.

Mtu pekee ambaye hakucheka ni Premji. Alivua viatu, akakunja suruali, akaingia majini na soksi zake. Akambeba mama mkwe mpaka nchi kavu pamoja na debe lake. Akarudi na kamba. Gari lake jeusi likalivuta langu kama mbuzi anayegoma.

"Pole, bhai," akaniambia huku akikamua soksi. "Injini inalia vizuri lakini. Na mimi niliiulizia, nilitaka ya kuendeshea kinu cha kusagia unga. Nilipopata habari kuwa unaitaka, nikaacha. Nilifurahi utaendesha tena."

Alifurahi! Afadhali angenizaba kofi.

Masanja akafika anahema. Akachungulia chini ya gari, akakaa chini, akajishika kichwa. Kwa ile haraka yangu alikuwa ameifunga difu upande usio wake. Gia zote za kwenda mbele zinarudi nyuma, na ya kurudi nyuma ndiyo inakwenda mbele.

Tulingoja injini ikauke. Kisha nikapanda mji, peke yangu, suti imelowa, kwa gia ya kurudi nyuma. Mnajua mwendo wa gia hiyo? Punda aliyebeba madebe ya maji alinipita. Mwenye punda akanisalimia, akauliza kama nahitaji msaada. Halafu nyuma nikasikia honi ya adabu, na gari jeusi likanipita taratibu, laini kama godoro. Mama mkwe alifungua pazia, akanipungia leso.

Kesho Masanja ataigeuza difu. Injini ya Mgiriki ni nzima kabisa, nawaambieni, wala sijutii kuinunua. Wivu ndio nilioufunga bila kuujaribu, na huo hauna breki.

Haya. Nani amecheka?