Mto Ulioliwa na Mende

Jumatatu, 7 Agosti 1995. Kikula, Likasi.

Balaa! Padri ameleta barua kutoka Kindu. Mama Orpa, mama mkwe wangu, haamki tena bila kushikwa mkono, na anataka kumwona binti yake kabla ya mvua. Rosalie wangu amelia, akafuta macho, akasema twende wote wawili, kwa sababu mimi ndiye ninayeijua njia.

Mimi! Shajara, wewe peke yako unajua. Sijawahi kuvuka Kapolowe, hapa jirani. Lakini mwaka 1973, nilipokuwa namchumbia Rosalie, alikuwepo pia fundi wa kiwandani mwenye pikipiki. Mimi nilikuwa na chaki. Basi nikamwambia binti wa Kindu kwamba nimeogelea mto Lualaba kwao, pale kivukoni, na milima ya mpakani kule Uvira nimeipanda kwa miguu. Alicheka sana. Tukaoana.

Miaka ishirini na miwili nafundisha mto huo na sijauona hata tone. Nautamani, jamani! Lakini nikienda, nitaumbuka mbele ya mke wangu. Dawa ni moja: nitausoma mpaka niujue kuliko samaki wake.

Jumanne, 8 Agosti.

Nimeichukua shuleni ramani ya ukutani, ile ya zamani ambamo Likasi bado inaitwa Jadotville. Mwaka jana ilichanika. Gundi haipatikani mjini, kwa hiyo niliibandika kwa bukari, ugali safi wa mahindi kutoka chungu cha Rosalie. Kazi nzuri sana. Ila mende wa shule nao wana njaa kama walimu. Wamekula bukari, na karatasi pia. Kuanzia Kongolo kwenda chini, mto hakuna.

Si kitu. Juu ya tundu kuna maji, chini ya tundu kuna maji. Katikati kutakuwa na nini tena? Nakumbuka palikuwa na vistari vyeusi vikiukata mto. Uchafu wa nzi, bila shaka. Nimeziba kwa karatasi na kuchora mto kwa biki ya buluu. Umenyooka vizuri kuliko ule wa Wabelgiji.

Jumatano, 9 Agosti.

Shemeji Théophile amekuja kula. Kaka yake Rosalie, kondakta wa treni miaka kumi na tisa, mpaka treni zenyewe zikawa za kubahatisha. Naye anakwenda kumwona mama yake, kwa hiyo amejitolea kutusindikiza. Nani kamwita?

Nikaona bora nimwahi. Mbele yake, mbele ya Rosalie na jirani yetu Mama Clotilde, nikaeleza safari nzima: treni mpaka Bukama, kisha meli moja kwa moja hadi Kindu, tumekaa, tunakula samaki. Théophile akauliza kwa adabu meli itapitaje pale Kongolo. Nikajibu: polepole.

Akapaliwa. Alipopona akaeleza kwamba chini ya Kongolo mto unaporomoka kati ya mawe, hata mtumbwi haupiti, na tangu enzi za babu watu wanashuka na kupanda treni hadi Kindu. Halafu akaniita shemeji kwa Kifaransa, akauliza, eti: "Beau, sasa weye ulipitaka na bato gani?" Nikamwambia wakati ule maji yalikuwa mengi zaidi, meli ilipita.

Mama Clotilde ilibidi atoke nje. Rosalie hakucheka. Alikusanya sahani tu, na hilo limeniuma.

Alhamisi, 10 Agosti.

Mpango mpya: malaria. Nimejifunika blanketi mbili na kutetemeka kwa ustadi. Wataenda wao, siri itabaki hapa. Mto nao utabaki huko, sitauona kamwe. Nilipofikiria hilo nikatetemeka kweli.

Rosalie ameleta majani machungu, yamechemshwa, vikombe vitatu. Amesimama mpaka nikamaliza. Sasa tumbo ni gonjwa kabisa, na Théophile amepita kunipa pole!

Ijumaa, 11 Agosti.

Rosalie ameiona ramani chini ya kitanda. Amefuatisha mto wangu wa biki kwa kidole, taratibu, kutoka mwanzo hadi Kindu. Nimekiri yote. Nimeomba msamaha wa miaka ishirini na miwili kwa mkupuo mmoja.

Akasema: "Hilaire, pale kwa kivuko iko mamba. Hakuna muntu anaogeleaka pale. Miye nilijua tangu siku ya kwanza."

Siku ya kwanza! Nikauliza kwa nini basi alinikubali. Akasema yule wa pikipiki alimweleza habari za pikipiki tu. "Muntu mwenye kuogelea na mamba juu ya kunipata miye, ata kwa kinywa tu, ule ananipenda." Kisha akaniambia nifunge mizigo. Nampenda mwanamke huyu kupita kiasi.

Jumamosi, 19 Agosti. Bukama.

Treni imekwama tangu jana, karibu na daraja. Abiria wanalalamika. Mimi sina neno. Lualaba uko hapa! Mpana, wa rangi ya chai ya maziwa, unakwenda zake bila kelele. Nimelia waziwazi. Nimeteremka kuugusa, Rosalie akinishika shati kwa nyuma, na Théophile ameangalia pembeni kiungwana.

Nimeapa hapo hapo: uongo basi, mpaka kaburini.

Mchana, ndani ya behewa, abiria mmoja akasema anaelekea Kalemie, kisha Uvira, na hajui njia za milima ya kule mpakani. Mtu mzima, ana wasiwasi, ana watoto. Ningefanyaje? Nimemwambia atulie, milima ile naijua vizuri, nimeipanda kwa miguu. Nikamwomba Théophile biki.

Rosalie ameuliza, kwa upole tu, kama huko nako kuna mamba. Nimemjibu kwamba milimani ni wachache.