Ombi la Kurudishiwa Matusi Yetu

Kwa Mwenyekiti,
Kamati ya Maadili ya Utafiti wa Malaria,
Wagadugu.

Ndugu Mwenyekiti,

Kwa heshima zote, mimi Raogo Zoungrana, Mmosi wa kijiji cha Tansega, nalalamika juu ya adabu ya mtafiti wenu, Lassina Paré. Imezidi.

Lassina ni Msamo. Wamosi na Wasamo ni watani tangu enzi za mababu. Msamo akiingia uani kwako bila kukutukana, ujue kuna msiba. Sasa ninyi mmemkataza kumtukana mshiriki yeyote wa utafiti. Matokeo yake ni haya:

1. Alimwambia mama yangu, "Shikamoo mama, una haki ya kukataa." Mama akajifunika uso, akaangua kilio: "Semeni tu, nani kafa?" Majirani wakaanza kuja na mtama wa matanga.

2. Aliponichoma kidole kutoa damu, alisema, "Pole sana, mzee." Pole! Kutoka kwa mla kichwa cha mbwa, kama tunavyowatania Wasamo! Nikamuuliza, "We mtumwa wangu, leo umekunywa nini?" Akajibu, "Asante kwa maoni yako."

3. Anatueleza faida na hasara za utafiti bila kucheka hata kidogo. Msamo anayesema vizuri ana lake jambo, kwa hiyo kijiji kizima kimegoma kuridhia. Na hapa sitanii, Mwenyekiti: watoto hawajapimwa, mvua zimekaribia, na mwaka jana malaria nusura inizikishe mjukuu. Naogopa.

4. Mnasema ridhaa iwe ya hiari. Nani ana hiari mbele ya mtu anayemtisha kwa upole?

Tunaomba basi Lassina apewe kibali chenye muhuri cha kututukana, kila kaya kwa zamu, kabla ya sindano. Mjumbe mmoja wa Kamati aje kuhakikisha matusi ni ya kiwango.

Wasalimie wajumbe wote, dereva wenu, na hata mbu mliowafuga maabara.

Wako katika unyonge,
Raogo Zoungrana

N.B. Lassina ameisoma barua hii kabla sijaifunga. Amecheka hadi akakaa chini, akasahau kanuni zenu, akatangaza mbele za watu kwamba kwa ubahili wangu, nyumbani kwangu hata mbu hulala njaa. Kijiji kimeshangilia, watoto wanapimwa hivi sasa, mjukuu wangu akiwa wa kwanza. Lakini mimi si bahili, na maneno yale yameniuma kweli. Nadai aadhibiwe vikali kwa utovu wa adabu.