Vifo Sifuri Chini ya Turubai la Kilio

Mheshimiwa Gavana wa Jimbo la Haut-Lomami, unayewakilishwa hapa na kiti kilicho wazi. Waheshimiwa Wabunge wa Jimbo, mnaowakilishwa na kiti cha pili kilicho wazi. Bwana Meya wa Jiji la Kamina. Machifu wa kimila. Wakuu wa dini kwa madhehebu yenu. Makamanda wa kambi, pamoja na familia zenu zilizotoka pembe zote za nchi. Wakurugenzi wa divisheni kwa vyeo na ngazi zenu. Wageni mashuhuri, mabibi na mabwana, itifaki yote ikizingatiwa: kabla ya neno lolote naomba radhi kwa ukimya wangu mrefu. Tangu nilipoteuliwa kuwa Mratibu wa Observatoire ya Jimbo ya Vidonge, yaani kituo cha uangalizi, mimi Ferdinand Kyabu sikuwahi kusema lolote hadharani, na wapo wenye ndimi ndefu waliosema kwamba nimelala. Sikulala. Ulikuwa ukimya wa kimethodolojia. (Edmond, katibu wa Mratibu, anapiga makofi peke yake.)

Asante, Edmond. Nianze kwa kuusifu umati huu. Nilimtuma katibu wangu atafute mahali pa uzinduzi, penye turubai lililofunga barabara, viti vya plastiki na kipaza sauti, naye akaingia mtaa huu kwa pikipiki, akarudi akisema: Mratibu, watu wamekwisha kukaa, anayengojwa ni wewe tu. Nimefika, nimekuta ni kweli. Nimezindua mambo mengi katika utumishi wangu, lakini sijapata kuona wananchi waliowahi namna hii, waliotulia namna hii, tena waliovaa kwa heshima namna hii, vitambaa vyeusi vichwani. (Chini, mikekani, mwanamke mmoja anaanza kulia, wenzake wanampokea.) Asanteni, akina mama. Asanteni sana. Machozi ya furaha ni lugha ambayo hata mimi niliyesomeshwa na mapadre siwezi kuifasiri.

Kwa nini tuko hapa? Kila mmoja wenu anaijua tramadol, kidonge cha maumivu cha ukoo wa afyuni, ambacho daktari humpa mtu aliyepasuliwa, na ambacho kijana wa Kamina hujipa mwenyewe ili asukume baiskeli yenye magunia ya mihogo kutoka kijijini bila kuusikia mgongo wake, au abebe mizigo pale kwenye gare ya treni mchana kutwa bila kuisikia njaa. Leo anameza kimoja, kesho viwili, baadaye anasinzia akiwa amesimama, na siku moja pumzi inasahau kazi yake. Ni tatizo zito. Na tatizo zito, wananchi, haliondolewi na dawa. Linaondolewa na takwimu. (Makofi ya Edmond.)

Ndiyo maana ikabuniwa Observatoire, ambayo ni muundo wa kisasa, multisectoriel, inclusif na participatif, wenye plate-forme ya kukusanya habari za kila mgonjwa anayefikishwa hospitalini akiwa amezidiwa na vidonge, na za kila anayefariki kwa sababu hiyo, kuanzia hapa Kamina hadi Malemba-Nkulu, na hata kwa wavuvi wa Mulongo, ambako wakala wetu hufika kwa mtumbwi. Tunao mawakala arobaini. Tunacho chumba cha uchambuzi chenye mashine ya ubaridi, ili takwimu zisiharibike. Na tunayo namba ya kijani, ya kupiga simu bure, hiyo mnayoiona kwenye kitambaa nyuma yangu, inayopokelewa usiku na mchana na timu ya wataalamu wenye sauti za upole. (Wanawake wa mikekani wanaitazama namba, kisha wanatazamana.)

Lakini fahari yangu kubwa ni mbinu yetu, ambayo wataalamu wa Kinshasa waliposimuliwa walinyamaza kwa muda mrefu. Sisi watu wa hapa hatumfichi marehemu. Tunafunga barabara kwa turubai, tunaweka viti, na mkubwa wa ukoo anasimama mbele ya watu wote na kutangaza marehemu alikufa kwa nini. Basi kuna haja gani ya kupeleka damu ya mtu maabara, safari ndefu, njia mbovu, na damu yenyewe haisemi Kiswahili? Nilitunga kanuni, nikaitia sahihi na muhuri, na kanuni hiyo haina rufaa: neno alilolitamka mkubwa wa ukoo chini ya turubai ndilo takwimu. Wakala anapita, anasikia, anatuma. Ni sayansi iliyovaa kitenge.

Na matokeo? Malaria, wengi. Homa fupi, wengi sana. Wivu wa majirani, wengi mno. Kurogwa na shangazi, asilimia thelathini na moja nukta nne. Vidonge, wananchi, sifuri. Hakuna ukoo hata mmoja, wa Kikatoliki wala wa Kiprotestanti, wa mjini wala wa kambini, uliowahi kutangaza vidonge. Jimbo letu halina kifo cha vidonge hata kimoja, na kwa ajili hiyo nimealikwa Kinshasa kwenye atelier, yaani warsha, nikawafundishe wenzangu wa majimbo mengine namna ya kufikia sifuri. Kwa hiyo tujizoeze kaulimbiu. Nikisema “Vifo vya vidonge”, nanyi mwitikie “Sifuri”. Vifo vya vidonge! (Edmond peke yake: “Sifuri.” Mzee mmoja wa kiti cha mbele anainuka taratibu na kunyoosha mkono.)

Naona mzee anataka kunipongeza kwa niaba ya wote. Karibu, Mzee, jitambulishe. (“Minyi, jina yangu Nyembo. Mukubwa, tunakusikia tangu mwanzo, hatukupenda kukukata maneno. Lakini huku si miting. Huku iko kilio. Mutoto wa dada yangu, Jessé, njo tulimuzika jana.” Edmond anaviangalia viatu vyake.)

Bila shaka. Bila shaka. Nilijua. Serikali inayojali haiwangoji wananchi ofisini, inawafuata hadi kwenye mikeka yao, na jambo hilo kitaalamu linaitwa proximité. Edmond, mimi na wewe tutazungumza. Poleni sana, wafiwa. Yale niliyosema juu ya machozi ya furaha yafutwe katika kumbukumbu. Nauliza tu, kwa heshima na kwa faida ya sayansi: ulitangaza nini, Mzee? (“Nilitangaza homa fupi.”) Homa fupi. Pole sana, na hongera, haiharibu kitu. Basi nilikuwa nimefika kwenye atelier ya Kinshasa.

(Mama Augustine, mama yake Jessé, anasimama mkekani. Wenzake wanamshika kitenge. Anakivuta mikononi mwao.) Mama, tafadhali, maswali yana nafasi yake, chini ya kipengele cha mengineyo. (“Minyi njo mama yake. Mutoto wangu hakukuwa na homa. Alikufa na kinini ya trama, ile kidonge unasema. Niliikuta ndani ya mufuko ya suruali, wakati ya kumuosha.” Mzee Nyembo anainamisha kichwa.)

Mama, huo ni uchungu unaosema, nami nauheshimu uchungu. Lakini kanuni ni kanuni. Anayetangaza ni mkubwa wa ukoo, naye amekwisha kutangaza, na marehemu amekwisha kuingia kwenye homa fupi. Hatuwezi kumfufua mtu ili afe upya kwa sababu nyingine. (Vicheko vidogo nyuma, vinakatika haraka. “Sikuombe umufufue. Nakuomba umuhesabu. Mudogo wake, Muteba, alimeza ileile juu ya kusahau kilio. Iko ku hopitali, analala, hawezi kuamuka. Docteur aliniambia kuko dawa ya kurudisha pumuzi, lakini habaitumi huku kwetu, juu jimbo yetu inaandika kama haina mufu hata moja. Weye na sifuri yako, njo munamulaza mutoto wangu.”)

Maneno mazito, Mama, nimeyapokea, na katibu angeyaandika kama angekuwa na karatasi. Lakini litazame jambo hili kwa macho ya jimbo zima. Tukimhesabu mmoja, sifuri imekufa. Na sifuri ikifa, Mama, nani ataifungia turubai? Nitakwenda Kinshasa kufundisha nini? Suti imekwisha kushonwa. Isitoshe, leo ukiomba wewe, kesho ataomba mwingine, na mwisho wake tutajikuta jimbo lenye wagonjwa. Mimi ningependa sana, kama mzazi, lakini mikono yangu imefungwa na ile kanuni isiyo na rufaa.

(Mzee Nyembo anavua kofia yake. “Mukubwa, rudilia tena ile kanuni.”) Kwa furaha, Mzee: neno alilolitamka mkubwa wa ukoo chini ya turubai ndilo takwimu. (“Turubai njo hii. Mukubwa wa ukoo njo minyi. Nilisema homa fupi juu ya kuona haya, juu bantu ya kanisa balikuwa banatuangalia. Dada yangu anisamehe. Leo natangaza mbele ya bote: Jessé alikufa na kinini.” Umati unaguna. Mwanamke mmoja wa kambini, mwenye mtoto mgongoni, anasema kwa sauti ya chini kwamba hata wa kwao haikuwa malaria.)

Mama wa kambini, tusiharakishe, tuko kwenye faili moja. Tangazo limesikika, sikatai. Hata hivyo, mtu aliyesoma taratibu anajua kwamba tangazo halijawa takwimu mpaka lipokewe, na kulipokea si kazi yangu. Mratibu hapokei, Mratibu anaratibu. Mlango uko wazi, na mlango huo ni namba ya kijani. Piga, Mama. Wataalamu wangu watakupokea vizuri kuliko ninavyoweza mimi. (Mama Augustine anaazima simu ya jirani, anaisoma namba kitambaani, anabonyeza. Wimbo wa rumba unalia ndani ya koti la Mratibu.)

Samahanini, huenda ni Kinshasa. Allo? Observatoire ya Jimbo, timu ya wataalamu, tukusaidie nini? (“Minyi Augustine.”) Ndiyo, Mama, laini leo ni nzuri, nakusikia kama vile uko karibu. (Viti vichache tu vimewatenganisha. Watu wameanza kucheka, hata waliokuwa wakilia. Mama Augustine hacheki, anamtazama Mratibu machoni na kusema ndani ya simu: “Natangaza mufu moja. Jina yake Jessé. Alikuwa anasukuma kinga, baiskeli ya mihogo, magunia kupita nguvu yake. Andika. Kisha utume dawa, Muteba asimufuate.”)

Tumepokea, Mama. Usikate, nakuunganisha na mkuu wa kitengo. (Anaihamisha simu kutoka sikio la kulia hadi la kushoto, anakohoa, anashusha sauti.) Allo, mkuu wa kitengo hapa. Ndiyo, Mama. Jessé. Kinga. Nimeelewa. Suala lako linashughulikiwa katika ngazi ya juu kabisa, na ngazi ya juu kabisa kwa sasa iko terrain, huku uwanjani, inahutubia. (“Nakuona,” anasema Mama Augustine, anairudisha simu kwa mwenyewe. Mzee Nyembo anamwendea Edmond, ambaye bado ana ufunguo wa pikipiki mkononi, na kumwambia neno sikioni.)

Tukiwa tumeona kwa macho yetu jinsi namba ya kijani inavyofanya kazi, nafunga kwa kaulimbiu. Haut-Lomami, oyee! (“Oyee.”) Observatoire, oyee! (Kimya.) Vifo vya vidonge! (Umati, kuanzia mikekani: “Moja.”) Nadhani kipaza sauti kimepotosha. Vifo vya vidonge! (Wote: “Moja.” Edmond naye amesema moja, kisha ametoka. Nje ya turubai pikipiki inaunguruma: Edmond usukanini, Mama Augustine katikati, Mzee Nyembo nyuma akiishika kofia yake, wanaelekea hospitali kumpa daktari jina la Jessé, ili alitume mwenyewe kunakotoka dawa ya pumzi.)

Inabaki kushukuru, na mimi si mtu wa kusahau fadhila. Naishukuru familia ya marehemu kwa turubai hili, kwani Observatoire haina paa. Kwa viti hivi, kwani haina kiti. Na kwa kipaza sauti, kwani sauti yake mmeisikia ikilia ndani ya koti langu. Chumba cha uchambuzi nitakishukuru siku kitakapojengwa. Namshukuru hasa Edmond, ambaye ndiye mawakala wote arobaini, pamoja na yule wa mtumbwi, ijapokuwa anaogopa maji na Mulongo hajafika. Edmond, simama watu wakuone. Edmond? (Mtu wa nyuma: “Alienda na kinga yako ya moto, ile pikipiki, Mukubwa.”) Hata hilo ni proximité, basi nitatembea. Na kwako Mama Augustine, popote ulipofika sasa, naahidi kwa cheo changu kwamba nitakuandikia mara tu uamuzi utakapochukuliwa: si uamuzi wa kumhesabu mwanao, huo tumeuona umechukuliwa bila sisi, bali ule unaopaswa kuutangulia, uliolala juu ya meza ya wakubwa tangu nilipoteuliwa, wa kama Observatoire hii ianzishwe au isianzishwe.