Uvimbe Upande wa Kushoto

Jumanne, 4 Juni
Daktari wa mifugo kaja asubuhi. Anapima kifua kikuu kwa ng'ombe wa mtaa mzima. Nikamwambia Malkia wangu ni mzima: ananawiri, anakula kama mgeni wa harusini. Akasema ugonjwa huu hujificha hata ndani ya ng'ombe mnono. Hodari wa maneno! Akamnyoa shingoni, akamchoma sindano. Atarudi Ijumaa kuangalia kama pamevimba. Mpaka hapo, maziwa yote yachemshwe.

Yachemshwe! Jirani yangu, muuza maziwa mwenzangu nimwitaye Mzee Sufuria, ndiye anayechemsha. Kibao changu cha kuuzia maziwa kinasema: MABICHI NDIYO NGUVU. Nikifute kwa sababu ya sindano?

Jumatano, 5 Juni
Pamevimba. Kama ngumi ya bondia. Nimekanda kwa barafu, Malkia akanipiga teke la goti. Nimekanda tena, kwa mbali. Uvimbe hausikii dawa. Mke wangu kauliza barafu yote imekwenda wapi. Nimesema joto.

Mama mkwe hakumaliza kikombe chake cha maziwa cha asubuhi, kile ninachomkamia mwenyewe. Shingo inamsumbua. Nimemwambia kalalia mto vibaya.

Alhamisi, 6 Juni
Akili ni mali! Shemeji yangu ana ng'ombe mwenye mabaka kama ya Malkia, utadhani pacha. Tumebadilishana kwa siku mbili. Kauliza kwa nini. Nikasema hata ng'ombe huhitaji kubadili hewa. Huyu mgeni nimemnyoa shingoni kwa wembe wangu wa ndevu. Kazi safi kabisa.

Ijumaa, 7 Juni
Daktari kaitazama shingo. Kazunguka upande wa pili. Karudi.

"Baba," akasema kwa upole, "mimi nilichoma kushoto. Huyu kanyolewa kulia."

Nikasema labda sindano imehama. Akauliza kama na hereni ya sikioni, yenye namba ya ng'ombe, imehama. Sikio sikulifikiria! Mzee Sufuria alikuwa anachungulia ukutani. Alicheka mpaka kofia ikamdondoka.

Malkia kakutwa kwa shemeji, uvimbe uko palepale. Sasa zizi la shemeji nalo limefungiwa mpaka ng'ombe wake wote wapimwe. Hapokei simu zangu.

Daktari alipokuwa anaondoka akamwona mama mkwe barazani. Akasimama. Akaziangalia tezi za shingo yake, akamuuliza kama hunywa maziwa mabichi.

"Kila asubuhi, mwanangu, yangali na joto," mama akajibu kwa fahari. "Mkwe wangu ananipenda."

Nikapata kazi ya kuosha ndoo. Ilikuwa safi tayari.

Jumatatu, 17 Juni
Majibu ya hospitali yametoka. Mama mkwe ana kifua kikuu cha tezi, na wanaamini kimetoka kwenye maziwa. Atameza dawa miezi mingi, bila kuruka siku. Atapona, wamesema. Mke wangu alilia pale kwenye korido, kisha akanyamaza, akanitazama. Afadhali angeendelea kulia. Sisi wengine tumepimwa, hatuna kitu.

Malkia kachinjwa mbele ya mkaguzi. Mapafu yalijaa vinundu. Nilioneshwa. Sikuweza kula mchana.

Jioni mama mkwe kanishika mkono, kasema hana kinyongo nami. Angenitukana ningelala vizuri zaidi.

Jumamosi, 29 Juni
Zizi tupu ni aibu kwa mwanamume. Nimetafakari sana, na kosa langu nimeliona: nilimwamini ng'ombe mnono. Mnono ndiye anayeficha ugonjwa, daktari mwenyewe alisema!

Basi leo mnadani nimechagua aliyekonda, mbavu nje. Muuzaji alikuwa na haraka ya ajabu, bei hakubishania hata kidogo. Watu wema bado wapo. Anakohoa kidogo, lakini hilo ni vumbi la njiani.

Mke wangu kasema daktari aitwe ampime kwanza. Nimemwambia nitampigia simu. Nimempigia. Nimemwambia ufugaji nimeacha.