Kibali cha Kufanya Kazi Mahali Usipokuwepo

Tanga, Alhamisi, tarehe 15 Mei 2025. Mvua ya masika ilinyesha tangu alfajiri, ikapungua kwenye saa mbili, yakabaki manyunyu.

Napenda kuutangazia umma kwamba tatizo la watu wanaofanya kazi mahali wasipokuwepo limepatiwa ufumbuzi. Ufumbuzi huo ni sisi: Kitengo cha Uratibu wa Kazi za Mbali, Kanda ya Pwani ya Kaskazini. Mimi ni katibu wake, jina langu Yudith, ingawa wengi huniita Mama Blessing. Nafasi hii niliipata baada ya kumaliza kidato cha nne kwa masomo ya jioni, watoto wangu wakiwa wameshamaliza cha kwao. Kila asubuhi namshukuru Mungu kwa kunipa kazi yenye jina refu hivi.

Kwa wasiofahamu, siku hizi kuna wageni wanaokuja na kompyuta zao za mapajani, wanapanga chumba, wanakula pweza, na mshahara wao unatoka kwa mwajiri aliyeko Ulaya au Amerika. Hawachukui kazi ya mtu. Hawamsumbui mtu. Jambo kama hilo likiachwa hivihivi linaweza kuonekana halina madhara, na ndiyo maana kitengo kilianzishwa.

Masharti ya kibali aliyaandaa mkuu wetu mwenyewe, Mratibu Wilfred. Mwombaji alete barua ya mwajiri inayothibitisha kuwa hayupo kazini. Alete picha nne za kazi yenyewe, nyuma yake pawe bluu. Alete barua ya serikali ya mtaa kwamba majirani wanamfahamu tangu zamani, hata kama ameshuka kwenye basi jana. Asionekane akifanya kazi, maana akionekana atakuwa anafanya kazi nchini bila kibali. Lakini asipoonekana kabisa akifanya kazi, huyo ni mzururaji. Na maombi yatumwe mwombaji akiwa nje ya nchi. Aliye ndani atoke kwanza, ndipo aombe ruhusa ya kuwa ndani.

"Masharti haya yamekaa vizuri," Mratibu aliniambia. "Hayana hata tundu la kupitisha sindano."

Nilimwombea baraka.

Mwombaji wetu wa kwanza alikuwa Shehzad, kijana aliyezaliwa Kanada, mjukuu wa Bi Noorjehan mwenye duka la nyuzi na vifungo pale Ngamiani. Bi Noorjehan ni mjane, na watoto wake wote wako ng'ambo. Mwezi wa pili aliteleza stoo, akavunjika nyonga. Shehzad akaja. Yeye ndiye anayemwinua kitandani, anayempeleka kliniki, anayemfundisha upya kutembea. Bibi akishalala, kijana hufungua kompyuta na kuifanyia kazi kampuni yake ya huko Kanada. Viza yake ya matembezi ilikuwa inaisha Jumamosi. Bila karatasi yetu asingeongezewa muda, na bibi asingebaki na mtu wa kumwinua.

Suala la kuinuliwa bibi halimo kwenye masharti, kwa hiyo hatukulijadili.

Kikao kilifanyika nyuma ya duka, katika chumba ambamo Bi Noorjehan analala tangu ashindwe kupanda ngazi. Tulikuwa Mratibu, mimi, na mzee Miraji, mjumbe wa mtaa, aliyeitwa kama shahidi na akawahi kabla ya chai.

"Shikamoo, mzee," Shehzad alimwamkia Miraji. "Shikamoo, mama. Shikamoo, Mratibu."

"Marahaba," alijibu Mratibu. "Kiswahili umejifunzia wapi?"

"Kwa Dadima, bibi yangu. Tangu mtoto, kwenye simu."

"Yeye akiwa Tanga, wewe Kanada?"

"Ndiyo."

Mratibu akanigeukia. "Andika, Mama Blessing. Mwombaji ameanza mambo ya mbali tangu utotoni."

Nikaandika.

"Wee bwana," alisema Bi Noorjehan kutoka kwenye kiti chake, "hebu kula kachori kwanza. Nisije nikafukuziwa mjukuu kwa sababu ya njaa yako."

Mratibu akala kachori, kisha akauliza kijana anafanya kazi saa ngapi. Shehzad akasema anaanza usiku wa manane, kwa kuwa kule Kanada wakati huo bado ni jioni ya siku iliyotangulia. Mratibu akashtuka. Nilimthibitishia kuwa ni kweli, mwalimu wetu wa jiografia alitufundisha kwa kutumia chungwa na kibiriti.

"Kwa hiyo kazi anayoifanya leo inafanyika jana?"

"Inaweza kuwa hivyo, Mratibu."

"Basi na siku aliyofika alikuwa ameshaanza kazi siku moja kabla ya kufika. Hilo ni kosa la pili."

"Na la kwanza ni lipi?" aliuliza Miraji.

"Mzee, wewe ni shahidi. Shahidi haulizi, anashuhudia."

"Haya, nashuhudia," alisema Miraji, akavuta sahani ya kachori karibu.

Bi Noorjehan akauliza bila kuzungukazunguka: "Mwanangu, Jumamosi mjukuu wangu akiondoka, Jumapili mie naamkaje?"

"Bibi, serikali haina ubaya na wewe. Tatizo ni kanuni. Mtu akikaa hapa, kazi yake ikawa kule, tunamsimamiaje? Kazi ni mahali. Mtu lazima awe pale ilipo kazi yake. Vinginevyo ni uongo."

Yalikuwa maneno mazito. Hapa inanibidi nieleze, kwa wasomaji wasiojua utaratibu wetu, kwamba makao makuu ya kitengo yako Maramba, mbali na hapa Tanga mjini. Dodoma iliagiza hivyo ili huduma isogee kwa watu wa wilaya ya Mkinga. Mratibu anaiongoza ofisi ya Maramba akiwa Tanga, kwa sababu mtandao wa Maramba unasumbua, na pia kwa sababu nyumba yake iko Tanga. Mimi mkataba unanitaka niwe alipo Mratibu, nami nautii.

Kabla ya uamuzi kusomwa, Mratibu alinitaka niombe. Niliomba kwa moyo wote. Nilimsihi Mungu awafungue macho wakubwa wa Dodoma, waione kazi anayoifanya mtumishi wake Wilfred.

"Amin," alisema Bi Noorjehan, ingawa ni Mwislamu. Alisema ombi zuri halina msikiti wala kanisa.

Simu ya Mratibu ikaita. Alikuwa Mama Praxeda, Mkurugenzi wetu. Vidole vya Mratibu vilikuwa na mafuta ya kachori, akaweka simu mezani, akabonyeza kipaza sauti kwa kifundo cha kidole, akatuonyesha ishara tunyamaze.

"Shikamoo, Mkurugenzi!"

"Marahaba, Wilfred. Uko wapi?"

"Niko kituoni, mama. Maramba. Ofisini kabisa, nahudumia wananchi."

Miraji alipaliwa na chai.

"Vizuri," ilisema simu. "Na mimi niko Maramba. Ofisini kwako. Nimekaa kwenye kiti chako."

Mratibu akairudisha kachori yake kwenye sahani.

"Kuna kuku ametaga kwenye trei ya barua zinazoingia," aliendelea Mkurugenzi. "Washa picha nikuone."

Mratibu akawasha. Mkurugenzi akaona kachori, maboksi ya vifungo, Bi Noorjehan na gongo lake la kutembelea, na mimi. Nikamwamkia.

Ndipo Mratibu akajibu, na sijawahi kusikia mtu akiitetea kazi ya mbali kwa ufasaha namna ile. "Mama, dunia imebadilika! Kazi siku hizi haina mahali. Kazi ni akili na mtandao. Mtu anaweza kukaa Tanga na mkono wake ukafika popote. Kumfunga mtu kwenye kiti ni mawazo ya zamani!"

Niliandika yote, maana katibu huandika yanayosemwa.

"Salaam aleikum, mama," Bi Noorjehan aliinamia simu. "Mie mwenye nyumba. Huyu bwana na mjukuu wangu wana ugonjwa mmoja. Mbona mmoja anapewa mshahara, mwingine anafukuzwa?"

Mkurugenzi alitaka aelezwe. Nikamsomea kumbukumbu zote, pamoja na chungwa na kibiriti. Akamwita Shehzad mbele ya simu.

"Kijana, mwajiri wako anajua uko wapi?"

"Anajua, mama. Kila siku ananiuliza Dadima ametembea hatua ngapi."

"Umeona, Wilfred? Hapo ndipo mnapoachana. Mama Blessing, masharti yanasemaje kwa mtu aliye ndani bila kibali?"

Niliona vibaya kumjibu mbele ya mkuu wangu, lakini nimeapa. "Atoke kwanza, Mkurugenzi, aombe akiwa nje."

"Nje ya Tanga ni wapi?"

"Ukienda bara ni Pongwe, mama."

"Basi mkuu wako asiishie Pongwe, afike mpaka hapa Maramba." Sauti yake ilikuwa ya upole kabisa. "Wilfred, hapo kuna mashahidi. Kanuni umeitunga mwenyewe na umeivunja mwenyewe. Sasa ahidi, la kijana na la kiti hiki. Simama."

Mratibu akasimama. Akafuta mikono kwenye suruali ya ofisi.

"Mimi Wilfred, naahidi kwamba..."

"Sauti, mwanangu," alisema Bi Noorjehan. "Wateja dukani hawajasikia."

Mratibu akavuta pumzi. Dukani watu waliokuja kununua zipu walikuwa wameshasogeza pazia.

"Mimi Wilfred, Mratibu, naahidi mbele ya mjumbe Miraji, Mama Blessing, Bi Noorjehan na wote waliopo: karatasi ya huyu kijana naisaini sasa hivi, akae mpaka bibi yake atakapotembea mwenyewe. Na mimi kesho saa moja na nusu nitakuwa Maramba, na nitakaa huko!"