Mombasa Bila Aristotle

Jumatatu, 28 Machi 1994
Furaha! Kanze wa maktaba kanambia kwa kinywa chake: atakayeshinda mdahalo wa Jumatano, ukumbini Tononoka, atakaribishwa Pasaka kwao Rabai, akamwone babake. Babake! Nimerudi Tudor kwa miguu bila kuhisi jua.

Mada: asingezaliwa Aristotle, yule Mgiriki wa kale aliyefundisha watu kufikiri kwa mpango, dunia ingekuwaje? Mimi nasema ingepotea. Maxwell wa reli anasema isingejua hata tofauti. Maxwell! Mtu anayepiga pasi hadi soksi.

Simjui Mgiriki huyo hata kidogo. Lakini maktaba nzima ina kitabu kimoja tu kinachomweleza, kinene, jalada la kijani. Nikiwa nacho mimi, Maxwell atasoma nini? Kanze alipokwenda kunywa chai nilikitia ndani ya shati. Nikatoka na tumbo la miezi saba.

Jumanne, 29 Machi
Nimekificha kazini, ghalani Shimanzi, ndani ya katoni ya sabuni, nikisome saa ya chakula. Ujanja ulioje!

Saa sita narudi: hakuna katoni hata moja. Dzoro, msimamizi wa kupakia, anasema lori limeondoka saa nne kwenda Kampala, na mbona nachungulia chini ya rafu? Kalamu imeanguka, nikamwambia. Hati ya kutoa mzigo ina saini ya nani? Yangu! Nilizisaini zote asubuhi bila kusoma, kama kawaida.

Aristotle sasa yuko Voi. Sijasoma hata ukurasa.

Jumatano, 30 Machi
Nimeanza mimi. Nikasema bila Aristotle tusingekuwa na meli, chanjo wala feni. Mama mmoja akauliza alivileta vipi. Kwa bidii, nikajibu. Watu wakacheka. Nikadhani wamenipenda, nikaongeza baiskeli.

Kisha Maxwell. Eti kamtafuta Aristotle maktaba siku mbili, hayuko, hajulikani alipo. Basi Mombasa imekaa bila yeye tangu Jumatatu. Je, mahamri yamekataa kuumuka? Feri imesahau njia ya Likoni? Hata Charo yule pale (akaninyooshea mimi kidole), hana Aristotle na bado kashiba!

Lo! Watu walivunjika mbavu. Kanze alicheka mpaka akajifuta machozi kwa ncha ya leso. Nami nilicheka, Mungu anisamehe. Maxwell kapata kura zote, na yangu pia; niliinua mkono kwa kupitiwa.

Alhamisi, 31 Machi
Mkubwa wa Kanze kampa onyo: kitabu kisipoonekana baada ya Pasaka, kazi hana. Nimemkuta analia nyuma ya kabati. Moyo uliniuma kwelikweli. Nusura niseme. Nikampa peremende.

Jumamosi, 2 Aprili
Maxwell kenda Rabai. Soksi zimenyooka.

Lakini nimepata wazo, na nimecheza chumbani peke yangu! Nimemwandikia mkubwa wa maktaba: kitabu kiko Kampala, katoni ya sabuni, mwizi ni Maxwell. Kanze atabaki na kazi, Maxwell atafukuzwa Rabai, nami nitaingia. Barua haina jina, hawatanijua kamwe. Na wasije wakaidharau, nimeiandika kwenye karatasi ya kampuni yetu, nikagonga mhuri wa ghala mara mbili.