Mgeni Rasmi na Faili la Kijani

Jamani, leo nimeaibika mbele ya mabara mawili. Siyo mtaa, siyo kata. Mabara! Nimekaa hapa sebuleni kwangu Nkuhungu, viatu sijavua, na mpaka sasa sielewi kama tumeshinda au tumeharibu.

Kwa wasionijua: ninafanya kazi kwenye kiwanda cha kusindika zabibu, upande wa Nzuguni, kwenye mashine ya kufunga chupa za juisi. Juu ya hapo mimi ni katibu wa tawi la chama cha wafanyakazi, cheo kisicho na mshahara wala kiti. (Nilichaguliwa kwa sababu nina mwandiko mzuri. Sitanii.)

Wiki iliyopita chama kilituletea waraka. Kampuni yetu ina kiwanda kingine huko Ureno, na wenzetu watatu wa huko wamefukuzwa kazi kwa kosa la kufungua tawi kama letu. Waliobaki wamegoma. Basi vyama vya nchi zote zenye viwanda vya kampuni hii vikakubaliana: leo Jumatano, saa saba mchana kwa saa zetu, kila tawi lisimame na bango kwa dakika kumi, lionekane na wale wa Ureno kwenye video, liwaambie hamko peke yenu. Dakika kumi. Bango moja. Basi.

Lakini hapa ni Dodoma, makao makuu. Hapa hakuna kitu kinachoitwa dakika kumi na bango.

Mwenyekiti wetu ni Mzee Iddi, Mrangi wa Kondoa, mtu wa heshima zake. Alisoma ule waraka mara mbili, akavua miwani.

"Katibu, mbona sioni mgeni rasmi?"

"Mzee, hawajasema kuhusu mgeni rasmi."

"Wamesahau. Mwanangu, shughuli bila mgeni rasmi ni kijiwe."

Basi likaja turubai. Likaja meza kuu na kitambaa cheupe, na shada la maua ya plastiki la kumvika mgeni. Mgeni mwenyewe akapatikana: katibu wa mkoa wa chama chetu. Na taratibu zetu mnazijua. Mgeni rasmi haji na hotuba. Hotuba anaandikiwa na waliomwalika, yeye anakuja na miwani.

Mwandishi nani? Mwenye mwandiko mzuri.

Nikajimwaga kurasa tatu. Ukurasa wa kwanza salamu na itifaki. Wa pili nikailaani kampuni kwa waliyofanyiwa wale watatu, na sikubakiza. Wa tatu nikauweka kwa ajili ya Mama Chiku.

Mama Chiku yuko kitengo cha kuosha zabibu. Wanasimama kwenye maji kutwa nzima. Tangu masika yaliyopita wanaomba gambuti, na jibu la Meneja wetu ni lile lile: "Linashughulikiwa." Miguu ya yule mama imepasuka mpaka anaona haya kuvua kandambili mbele za watu, na msikitini huwa anaingia wa mwisho ili asionekane. Keshokutwa Ijumaa tuna kikao na Meneja kuhusu hizo gambuti, na tulijua kabisa atasema linashughulikiwa. Kwa hiyo ukurasa wa tatu nikamfunga paka kengele. Niliona katibu wa mkoa hamwogopi Meneja, acha aseme yeye.

Leo saa nne asubuhi simu ikaita. Katibu wa mkoa. Ameitwa kwenye kikao cha dharura, anatutakia shughuli njema.

Nikakimbia kwa Mzee Iddi nusu nilie. Yeye wala hakutikisika.

"Tumwite Meneja."

"Shikamoo Mzee, labda hukunielewa." (Nilikuwa nimeshamwamkia asubuhi. Nilichanganyikiwa.) "Tunalalamikia kampuni yake!"

"Kampuni, siyo yeye. Mtu ukimpa heshima mbele za watu anakuwa laini. Akivaa lile shada leo, Ijumaa atakataa vipi gambuti?"

Nilisimama pale nikaona kama lina mantiki, halafu nikaona kama halina, halafu nikaona halina ila sikumbuki kwa nini. Mzee akawa ameshafika mlangoni kwa Meneja.

Meneja alifurahi jamani. Hakuuliza shughuli inahusu nini. Aliambiwa ni mshikamano wa wafanyakazi, akanyoosha tai, akauliza swali moja tu: "Hotuba ipo?"

"Ipo!" nikasema. Mdomo wangu huu.

Nikaenda kwenye kompyuta ya stoo kurekebisha. Nikabadilisha jina kwenye jalada. Nikabadilisha cheo kwenye mstari wa kwanza. Nikawa ndiyo nageukia ukurasa wa pili, Mzee Iddi akaanza kuita uwanja mzima usikie: "Katibu! Wenzetu wako hewani!" Nikachapa hivyo hivyo. Nikaziweka karatasi kwenye faili la kijani, lile zuri tunalotunzia katiba ya tawi. Nikajiambia, mtu mzima na elimu yake, si ataipitia kwanza?

(Mimi ambaye nimehudhuria shughuli tangu nikiwa darasa la pili. Mimi ambaye sijawahi kuona mgeni rasmi akipitia hotuba kwanza!)

Saa saba. Wafanyakazi wote wako chini ya turubai, TV ya kantini imeunganishwa na laptopu. Kwenye TV kuna watu kama arobaini wa Ureno wamesimama nje ya geti la kiwanda chao, bendera mkononi, baridi imewakaba. Kiongozi wao ni mama mmoja anaitwa Joana, naye ni mmoja wa wale watatu waliofukuzwa. Katikati yetu kuna dada mkalimani, yuko Dar ofisi kuu ya chama, anatafsiri kila neno huku na huku.

Mzee Iddi akafungua kwa dua. Mama mmoja wa kwaya akafungua kwa sala. Kisha Mzee akatambulisha meza kuu, mmoja mmoja, na kila mmoja akasimama akapunga mkono. Halafu akasema itifaki imezingatiwa, halafu akaizingatia tena upya. Dakika kumi za waraka zilikwisha hata bango hatujalikunjua.

Joana akanyoosha kidole. Mkalimani akasema: "Anauliza, yule bwana wa katikati aliyevaa maua ni nani?"

Nikashika kipaza sauti kwa maringo. "Mwambie huyo ndiye Meneja wetu wa kiwanda! Mgeni rasmi!"

"Katibu," mkalimani akasema taratibu, "nimwambie hivyo hivyo?"

"Hivyo hivyo."

Akamwambia. Wareno wote wakaganda. Nikajua ni mtandao. Nikagonga laptopu, nikaangalia bando, bando lipo. Nikaangalia tena kwenye TV, nikaona mmoja wao anapepesa macho. Haukuwa mtandao.

Mzee Iddi akamkaribisha mgeni rasmi. Meneja akainuka, akavaa miwani, akafungua faili la kijani, akatoa karatasi, faili akanirudishia. Ukurasa wa kwanza aliusoma vizuri sana, mpaka nikajipongeza kwa yale makoma. Akageuza.

"Ninalaani," akasema Meneja, kwa sauti ile ya wageni rasmi ambayo haina habari na maneno, "ninalaani kwa nguvu zangu zote uongozi wa kampuni hii, ambao umewafukuza kazi wenzetu watatu kwa woga, kwa kiburi, na kwa kutojua kwamba mfanyakazi si punda."

Watu wakatazamana. Nilitaka kuzima laptopu, lakini Meneja hakuwa kwenye laptopu, alikuwa pale pale mbele yangu! Na mkalimani kule Dar anatafsiri, mwaminifu huyo, haachi hata nukta. Kwenye TV Joana amejiziba mdomo kwa mikono miwili.

Meneja akageuza ukurasa wa tatu. Yesu wangu.

"Na hapa nyumbani, ninamtaka Meneja wa kiwanda hiki aache kujificha ofisini kwake. Atoke! Awatazame akina mama wanaosimama kwenye maji tangu masika bila gambuti, miguu imepasuka, na yeye anasema linashughulikiwa. Ninampa siku saba. Siku saba tu!"

Akatulia apigiwe makofi, maana niliandika kwenye mabano, "subiri makofi." Akainua macho akatazama watu kama anamtafuta huyo Meneja. Akashusha macho kwenye karatasi. Akaifunua nyuma. Akaifunua mbele. Niliona kabisa sekunde aliyojikuta ni yeye.

Hapo Mama Chiku akapiga kigelegele. Kirefu! Kitengo kizima cha kuosha kikadakia. Mzee Iddi, ambaye hata siku dunia inaisha atafuata utaratibu, akasimama akatangaza: "Mgeni rasmi apigiwe makofi ya kilo!" Pa-pa-pa! Pa-pa-pa! Pa! Kule Ureno watu wanakumbatiana, wanalia, wanapunga bendera.

Mkalimani sauti inatetemeka: "Joana anasema ameshiriki migomo mingi, hajawahi kuona meneja wa namna hii duniani. Anasema sasa anaamini atarudi kazini. Anaomba wamwandike kwenye bango lao."

Meneja akashika kipaza sauti. Nikajua anakana. Kumbe alikuwa anataka kuninong'oneza, akasahau amekishika.

"Katibu. Hotuba hii ameandika nani?"

Uwanja mzima ukasikia. Nzuguni yote ikasikia. Vichwa vyote vikanigeukia. Mimi, katibu, mtetezi wa wanyonge, nikajibu kwa sauti ya mtoto aliyevunja sahani: "Mimi."

Na mkalimani akatafsiri. Hilo nalo akatafsiri! Ureno nzima ikanishangilia mimi, jasho linanitiririka, nimekumbatia faili tupu.

Shughuli ilipokwisha Mama Chiku alinivuta pembeni. "Vero, umetuokoa au umetuponza?"

"Mama, sijui."

"Usipojua wewe uliyeandika, nani atajua? Ijumaa akitukatalia kwa hasira, miguu hii nitaipeleka wapi?" Akanyanyua mguu mmoja kidogo, akaurudisha upesi. Nilitamani ardhi ipasuke kama ule mguu.

Saa tisa nikaitwa ofisini. Meneja alikuwa anaongea na simu, wakubwa wa nje, Kiingereza cha "yesi sa, yesi sa." Video ilishafika kwao. Shada alikuwa bado amelivaa, nadhani hakujua. Kwa kweli nilimwonea huruma, mzee wa watu na watoto wake wako chuo.

Akaweka simu. "Wameniuliza kama nilijua ninachosoma."

Nikalitazama lile shada.

"Nikisema sikujua, mimi ni meneja anayesoma asichokijua. Nikisema nilijua, mimi ni msaliti. Wewe ungechagua nini, Katibu?"

"Sijui, bosi. Leo mimi sijui chochote."

"Nimesema nilijua."

Akavuta karatasi yetu ya maombi ya gambuti, ile iliyokuwa chini ya kikombe cha chai tangu masika, ina alama ya duara. Akasaini. Alisema mtu akishajipa siku saba mbele ya watu hana pa kukimbilia. Akaniuliza Mama Chiku anavaa namba ngapi. Saba, nikasema, ila mpeni nane, mguu umevimba.

Nikawa ndiyo natoka kinyumenyume, akaniita.

"Wanataka barua ya kujieleza. Kesho saa mbili asubuhi iwe imefika, kwa nini nilisema vile, na ninapendekeza nini kuhusu wale watatu na hali ya wafanyakazi kwa ujumla. Mimi mambo ya kuandika huwa yananishinda. Niandikie."

"Mimi?!"

"Si una mwandiko mzuri?"

"Sawa bosi. Ila hii utaipitia kwanza?"

Alikuwa ameshageukia kompyuta yake. "Weka tu kwenye lile faili la kijani. Nitasaini."

Basi ndugu zangu, niko hapa sebuleni, kalamu mkononi. Ukurasa wa kwanza, salamu kwa wakubwa, tayari. Wa pili, Joana na wenzake warudishwe kazini, tayari. Wa tatu bado mweupe. Msinicheke, na mwenye dai lolote anitumie kabla ya saa mbili asubuhi.